Kuimarisha chesisi ya pikapu kwa ajili ya barabara mbovu: hatua kwa hatua

Kila wiki kuna mtu anayefika gereji na ombi lilelile: "Fundi, niwekee vyuma chesisi nzima, gari iwe ngumu." Ukimuuliza imepasuka wapi, hajui. Ukimuuliza anabeba nini, anasema mzigo wa kawaida tu. Ukizunguka nyuma unakuta pipa la maji la lita 200 limefungwa mlangoni kabisa, tairi mbili za akiba, jenereta, na hema juu ya kebini. Nimechoka kurudia maelezo kwa mdomo, kwa hiyo nimeyaandika.

Mfano wangu ni Toyota Hilux ya zamani, LN106, ile yenye springi za majani mbele na nyuma, kwa sababu ndiyo niliyoilalia chini mara nyingi kuliko gari lolote. Utaratibu ni huohuo kwa pikapu nyingine za zamani zenye chesisi ya ngazi. Kwa gari la miaka ya karibuni simama kwanza: mengi yametengenezwa kwa chuma kigumu maalumu kinachopoteza nguvu kikichomwa ovyo. Tafuta kitabu cha matengenezo cha gari lenyewe kabla ya kugusa.

Nadharia ni moja tu, nayo haikwepeki. Chesisi imeundwa ipinde kidogo. Chukua fito, ifunge na kipande cha nondo hadi katikati, kisha uipinde. Itavunjika pale nondo inapoishia. Chesisi nayo hivyohivyo: hupasuka pale sehemu ngumu inapokutana ghafla na sehemu laini. Anayebandika plati nene za milimita 8 kila mahali anahamisha tu mahali pa kupasukia.

Tukubaliane pia majina. Chesisi ina mihimili miwili mirefu, na kati yake kuna krosimemba kama vipandio vya ngazi. Kila mhimili una mgongo (juu), tumbo (chini) na ubavu. Mgongo na tumbo ndivyo vinavyobeba kazi kubwa gari linapopinda. Katikati ya ubavu pametulia. Kwa hiyo tundu lolote utakalotoboa, litoboe katikati ya ubavu, kamwe si mgongoni wala tumboni.

KABLA HUJAANZA

Andaa vitu hivi:

- Stendi nne imara na jeki. Matofali hayafai hata kama ni ya saruji. Hupasuka bila kutoa taarifa.
- Mashine ya kuchomelea ya inveta yenye uwezo wa ampia 150 au zaidi. Zile za kusuka mtaani zinafaa mageti na madirisha, lakini moto wake haupimiki na vijiti vizuri havikai juu yake.
- Vijiti vya E7018 vya milimita 2.5, vikavu. Kama pakiti ilifunguliwa tangu mvua za masika, nunua nyingine.
- Grainda yenye diski za kukatia, za kusagia na brashi ya waya.
- Drili na biti za milimita 5 na 12.
- Plati ya chuma laini cha kawaida, unene usiozidi ule wa mhimili wenyewe. Pima mhimili kwa kalipa kwenye ukingo ulio wazi. Mara nyingi utaishia kununua milimita 3 au 4.
- Futi ya chuma, timazi, chaki, kadibodi ya boksi lolote.
- Mafuta ya taa kikombe kimoja.
- Praima yenye zinki, rangi ya chesisi, silanti ya bodi.
- Mtungi wa kuzimia moto, ndoo ya mchanga na mtu wa pili. Unapochomelea chini ya gari huoni kinachowaka nyuma yako.

Kuhusu plati: usitumie jani la springi kuukuu. Najua linapatikana bure na linaonekana gumu. Kiraka cha kwanza nilichowahi kubandika kwenye gari langu mwenyewe kilikuwa jani la springi. Kilikata kando ya weldi kabla ya miezi mitatu, kama biskuti. Chuma cha springi kina kaboni nyingi. Ukikichoma na kikapoa haraka, sehemu ya pembeni mwa weldi inakuwa kama kioo. Nondo za ujenzi nazo ziache zilipo.

Kama hujawahi kuchomelea ukiwa chini na moto uko juu yako, fanya kazi yote ya maandalizi mwenyewe, halafu mlipe fundi mzoefu achomelee. Maandalizi ndiyo yanayokula muda, na ndiko mafundi wengi wanakofanya haraka.

HATUA ZENYEWE

1. Osha, kisha tafuta nyufa.

Osha chesisi yote kwa maji ya presha, acha ikauke, kisha lala chini na taa. Ufa mara nyingi hujionyesha kwa mstari mwembamba wa kutu inayotiririka, au rangi iliyokatika mahali ambapo vumbi halishiki. Angalia hasa nyuma ya kebini, kwenye ile nafasi kati ya kebini na bodi ya kubebea mzigo. Kwenye hanga za springi. Pale shokapu inaposhikwa. Kuzunguka steringi boksi. Kwenye raba ya kugongea juu ya ekseli. Na kwenye krosimemba inayobeba giaboksi.

Ukiwa na shaka, piga msasa hadi chuma king'ae, pakaa mafuta ya taa, subiri dakika 20, futa pakauke kabisa, kisha sugua chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatatoka taratibu na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Ni njia ya zamani na haijawahi kuniangusha. Usisahau kuosha mafuta hayo kabla ya kuwasha moto.

Gonga pia kwa nyundo ndogo urefu wote wa mihimili. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa "pu", na wakati mwingine nyundo inazama. Ikizama, mwongozo huu si wako. Hapo panahitajika kubadilishwa kipande kizima au chesisi, na kiraka juu ya kutu hakishiki kitu.

2. Pima kama chesisi bado imenyooka.

Egesha mahali tambarare. Chagua matundu ya kiwandani yanayofanana kulia na kushoto, mawili mbele na mawili nyuma. Shusha timazi kutoka kila tundu, weka alama ya chaki sakafuni, sogeza gari, kisha pima mishazari miwili. Tofauti ya milimita 3 hadi 5 isikunyime usingizi. Ikizidi 10, chesisi imekwenda upande. Ipeleke kwenye mashine ya kunyooshea kwanza. Ukiimarisha chesisi iliyopinda, umeupa huo upinde maisha marefu.

3. Vua kila kinachoweza kuungua au kuharibika.

Toa betri kabisa. Chomoa plagi za alteneta, na kama gari lina kontroliboksi (kompyuta ya injini), chomoa nayo. Shusha tangi la mafuta na ulipeleke mbali na kazi. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ndani limebaki na mvuke. Sogeza waya na paipu za breki, na pale zisipotoka zifunike kwa gunia bichi. Upande wa nyuma kuna fimbo ndogo inayotoka kwenye ekseli kwenda kwenye vali ya breki inayosoma uzito wa mzigo. Weka alama ilipofungwa kabla ya kuitoa, la sivyo breki za nyuma zitakuja kukamata mapema au kuchelewa.

Bodi ya nyuma iinue. Ni bolti chache na watu wanne. Wengi wanakwepa hatua hii, kisha wanachomelea kwa kubahatisha mahali wasipopaona.

Onyo kuhusu kusafisha: usipulizie dawa ya kusafishia breki kisha ukawasha moto. Baadhi yake zina klorini, na moto wa weldi huigeuza kuwa gesi inayoua. Tumia maji na sabuni, kausha, kisha grainda. Kama plati au bomba limepakwa zinki, sugua zinki yote kwanza na ufanye kazi penye upepo wa kutosha. Moshi wake huleta homa na kutetemeka usiku. Maziwa wanayokunywa mafundi hayazuii. Hewa safi ndiyo inayosaidia.

4. Tibu ufa kabla ya kuufunika.

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Kiraka kilichopita juu ya ufa usiotibiwa ni shuka juu ya kidonda. Ufa unaendelea kutembea chini yake na utauona siku utakapotokea upande wa pili.

Tafuta mwisho halisi wa ufa kwa mafuta ya taa na chaki, kisha toboa tundu la milimita 5 pale mwisho, hata milimita kadhaa mbele yake. Tundu hilo linauzuia kuendelea. Kisha chimba ufa kwa grainda hadi uwe mfereji wa umbo la V, karibu unene wote wa chuma. Jaza kwa weldi, ondoa gamba linalobaki juu ya weldi, na usage hadi pawe sawa na uso wa mhimili. Saga kwa kufuata urefu wa mhimili, usikate mikwaruzo ya kuvuka. Mkwaruzo unaovuka mgongo au tumbo la mhimili ni mbegu ya ufa mwingine.

Wakati unajaza, mhimili usiwe umening'inia. Weka stendi ili sehemu iliyopasuka isivutwe wala kubanwa na uzito, na ufa uwe umejifunga wenyewe.

5. Kata viraka.

Anza na kadibodi. Ibane kwenye mhimili, chora matundu na mabano yaliyopo, kata, jaribu tena, ndipo uhamishie kwenye plati. Kadibodi haina gharama.

Kiraka kizuri kina sifa hizi. Kinapita eneo lililoumia kwa angalau mara mbili ya kimo cha mhimili, kila upande. Kimo chake ni kidogo kuliko ubavu, kiasi kwamba weldi haitaangukia kwenye kona ambapo ubavu unajikunja kuwa mgongo au tumbo; acha milimita 10 hadi 15. Na ncha zake hazikatwi wima. Zikate kwa mshazari wa nyuzi 45 au chini yake, au uzichonge kama mdomo wa samaki aliyeachama. Nia ni nguvu ihame polepole kutoka kwenye chuma kimoja kwenda kwenye viwili. Kumbuka ile fito na nondo.

Kama sehemu ya mhimili iko wazi kama herufi C, unaweza kuifunga kwa plati upande wa ndani iwe boksi. Inaongeza nguvu sana dhidi ya kujisokota, lakini usifunge urefu wote. Funga pale panapobeba mzigo, maliza kwa mdomo wa samaki, na uache chesisi ipumue.

Viraka vya kulia na kushoto, vya ndani na nje, visiishie mstari mmoja. Vipishane kwa sentimita 5 au zaidi. Na kisiishie chochote pale inapoanzia bodi, hanga au tundu kubwa.

Toboa matundu ya milimita 12 katikati ya kiraka, kila baada ya sentimita 8 au 10, ili uyajaze weldi na kukibana mhimilini. Kuhusu uzito usiogope: viraka vinne vya sentimita 60 kwa 10, unene wa milimita 4, vyote pamoja havifiki kilo 8.

6. Pachika na ushike kwa nukta.

Mhimili na kiraka ving'ae, bila rangi wala kutu, na nyuma ya kiraka upake praima ya zinki inayoruhusu kuchomelewa ukiipata. Bana kwa klempu hadi pasiwe na mwanya. Klempu ya ethi iwe jirani kabisa na unapochoma, kwenye mhimili huohuo. Ukiiweka kwenye difu au gurudumu, umeme utapita kwenye beringi na kuzichoma. Weka nukta za weldi kila baada ya sentimita 10, kisha pima mishazari tena.

7. Choma kwa kuruka.

Kwa kijiti cha milimita 2.5 anza na ampia 70 hadi 90, jaribu kwenye kipande cha plati hiyohiyo. Choma sentimita 3 hadi 4, hamia mwisho mwingine wa kiraka, kisha mhimili wa pili, kisha urudi. Unapochoma wima, panda kutoka chini kwenda juu. Ukichoma mstari mzima kwa pumzi moja, joto litauvuta mhimili kama ngozi ya ngoma.

Usivute weldi ya kuvuka mhimili moja kwa moja kutoka mgongoni hadi tumboni. Fuata mshazari wa kiraka. Usianzie wala kumalizia kwenye ncha, kwa sababu kishimo kinachobaki mwisho wa weldi ndicho kinachopasuka kwanza. Na usimwagie maji ili ipoe. Kunywa chai, itapoa.

Chunga namba ya chesisi. Kwenye Hilux nyingi imegongwa kwenye mhimili wa kulia upande wa mbele, karibu na tairi. Ukiisaga au kuifunika, siku ya kuuza gari au ya ukaguzi utajieleza sana. Kabla ya kazi kubwa uliza pia kampuni yako ya bima. Wengine hutaka taarifa.

8. Sehemu zenye tabia zao.

Steringi boksi: ukishaweka tairi kubwa, ubavu wa mhimili hapo hupumua kila unapokata kona ukiwa umesimama. Weka kiraka kinachozunguka bolti zote, na matundu ya bolti yawe na vibomba vya chuma vinavyopita ndani ya mhimili, ili bolti ikikazwa isiuminye.

Hanga za springi: zungushia pembetatu ndogo za plati, ncha zake ziwe butu. Usichomelee chochote kwenye springi zenyewe, na zifunike. Cheche moja ikitua kwenye jani inatosha kulivunja baadaye.

Nyuma ya kebini: hapa ndipo pikapu za milango minne hukunjika, hasa zilizowekewa mapulizo ya upepo, ile mifuko ya raba ya kusaidia springi, juu ya ekseli. Springi ya majani husukuma mhimili mahali pawili, kwenye hanga ya mbele na ya nyuma. Pulizo linasukuma mahali pamoja, juu ya ekseli, wakati mzigo wa nyuma unavuta chini. Kama unayo, yapunguze upepo unapoingia kwenye barabara iliyojikunja kama bati. Aliyewahi kwenda kutoka lango la Naabi hadi Seronera, ndani ya Serengeti, anajua ninachosema. Na lile pipa la lita 200 ni kilo 200 za maji peke yake. Lisogeze mbele ligusane na kebini, utakuwa umeisaidia chesisi kuliko kiraka changu chochote.

9. Funga mlango wa maji.

Piga brashi ya waya hadi gamba lote litoke. Praima ya zinki, kisha rangi mara mbili. Kingo zisizo na weldi zizibe kwa silanti. Mihimili uliyoigeuza kuwa boksi iachie matundu ya kutolea maji mahali pa chini, karibu na katikati ya ubavu kadiri inavyowezekana, na uipulizie nta ya chesisi ndani. Oili chafu inayopakwa mitaani inalinda kwa muda, lakini inakula bushi za raba na kubeba vumbi. Kwa gari la pwani, au linalokwenda Ziwa Natron kwenye magadi, rudia nta kila mwaka.

10. Rudisha na ujaribu.

Rudisha vyote, kaza yubolti za springi, angalia breki kabla ya kutoka getini. Nenda bila mzigo kilomita 50 za njia mbovu, lala chini uangalie. Kisha weka nusu ya mzigo. Baada ya kilomita 500 kaza tena yubolti na bolti za bodi, na urudie mafuta ya taa na chaki kwenye ncha za viraka.

IKITOKEA SHIDA

Ufa mpya umetokea kando ya weldi. Kiraka ni kinene mno, au ncha ilikatwa wima. Usibandike kingine juu yake. Kisage, tibu ufa kama hatua ya 4, weka chembamba na kirefu zaidi.

Weldi ina vitundu kama mkate. Vijiti vina unyevu, rangi haikusuguliwa yote, au upepo ulikuwa mkali. Saga yote hadi chini uanze upya. Kupitisha weldi juu ya vitundu hakuvizibi.

Pengo kati ya kebini na bodi limepanuka juu na kubana chini. Mhimili umelegea nyuma ya kebini. Pakua mzigo, pima kwa timazi. Kama halirudi likiwa tupu, ni kazi ya mashine ya kunyooshea.

Gari linavuta upande mmoja baada ya kazi. Kabla ya kulaumu chesisi angalia kama ekseli imekaa sawa kwenye pini za katikati za springi, kisha mishazari, kisha alainimenti.

Breki za nyuma zinakamata mapema kuliko zamani. Ile fimbo ya vali haikurudi kwenye alama yake.

Kuna mlio wa "kaa" ukivuka mtaro kwa mshazari. Mara nyingi ni bushi ya bodi au bolti ya krosimemba. Mwambie mtu aweke mkono kwenye kila bolti, moja moja, huku wewe ukilitikisa gari kwa kusimama kwenye bampa. Ile inayocheza ataihisi kabla hujaisikia.